Nyama za pua: nimekatwa mara mbili na zimerudi. Yupo aliyepona jumla?

#1 MpishiWaShughuli
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mpishi wa shughuli, nipo Dar, umri 41. Nyama za pua nilikatwa mara ya kwanza 2018, nikakatwa tena 2021, na tangu mwaka jana mwishoni zimerudi. Usiku nalala mdomo wazi, asubuhi koo limekauka kama nimelamba majivu. Hilo nimeshalizoea. Kinachonimaliza ni kunusa. Sinusi kitu.

Wanaopika pilau la watu 300 wanajua, huwezi kuonja kila dakika, sufuria unaisimamia kwa pua. Chumvi naipata, ndimu naipata, sukari naipata, ila iliki, mdalasini na bizari nyembamba kwangu ni kama nimetia vumbi la mbao. Siku hizi kila Jumamosi natembea na mpwa wangu wa miaka 14, yeye ndiye pua yangu. Anainama juu ya sufuria anasema "mjomba, kitunguu saumu kinataka kuungua", mimi natoa kuni. Mwezi uliopita hakuwepo, nikaunguza masufuria mawili Mbagala. Mwenye shughuli akanikata nusu ya hela na sikuwa na la kujitetea.

Swali: hivi vitu vikikatwa huwa vinaisha, au wanatupunguzia tu ili turudi? Aliyekatwa zikaisha moja kwa moja anyooshe mkono.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshakaa. Waje wajuzi.

#3 HabasodaTu
Mkuu pole, hela umepoteza bure. Mafuta ya habasoda, matone mawili kila tundu asubuhi na jioni, siku 40, na asali mbichi kijiko kimoja. Mimi nilikuwa sipumui kabisa, leo mwaka wa tatu niko safi. Hospitali hawatakwambia.

#4 NesiZamuYaUsiku
@HabasodaTu, wewe uliambiwa una nini, na nani aliangalia? Nauliza kwa nia njema, maana "nyama za pua" hapa kwetu ni jina la vitu vitatu na kila mtu anadhani anaongelea kimoja.

Kuna konka. Hizo umezaliwa nazo, ziko ubavuni mwa tundu, kazi yake ni kupasha hewa joto na kuilowesha kabla haijashuka mapafuni. Mafua au aleji ikizivimbisha zinaziba njia. Mtu anajimulika kwenye kioo, anaona kitu chekundu kimejaa, anapiga simu kwao kwamba ameota nyama. Hajaota, ni mwili wake.

Kuna adenoidi, za watoto, ziko nyuma kabisa ya pua juu ya koo. Kwa kioo huzioni.

Halafu ndiyo polipu, nadhani ndizo anazosema mleta uzi. Ule utando laini unaofunika ndani ya pua na mashimo ya uso (sinasi) unavimba, unajaa maji, mwisho unaning'inia kama zabibu iliyomenywa. Rangi yake ya kijivu au njano iliyofifia. Daktari akiigusa haiumi, inachezacheza tu. Konka ukiigusa mgonjwa anaruka kitini.

Mleta uzi nijibu manne: ni pande zote mbili au mmoja? Zinatoa damu? Una pumu? Na baada ya kukatwa ulipewa spreyi ya kuendelea nayo, na uliendelea?

#5 HabasodaTu
Niliangaliwa na muuza duka la dawa, kwa tochi ya simu. Lakini nimepona, sasa mnataka nini zaidi.

#6 Kiti_cha_Mbele
Tochi ya simu 😂 Ilikuwa na chaji asilimia ngapi?

#7 MamaNassor
Nesi asante. Mwanangu ana miaka minne, anakoroma kuliko baba yake, mdomo wazi mchana kutwa. Tuliambiwa "nyama za pua" na nikasoma humu watu wanakatwa zinarudi, nikakata tamaa. Kumbe zake ni za aina nyingine?

#8 NesiZamuYaUsiku
@MamaNassor, kwa umri huo mara nyingi ni adenoidi. Hizo zenyewe husinyaa mtoto akikaribia ujana. Wapo wanaosubiri na wapo wa kukatwa; wa kukatwa ni wale ambao pumzi inakata usiku halafu wanashtuka, au masikio yameanza kujaa maji kwa ndani. Hebu angalia kama anaongeza sauti ya TV au anasogea karibu nayo. Polipu za kweli kwa mtoto mdogo ni nadra, na akiwa mchanga kabisa akaonekana na uvimbe puani, usimruhusu mtu yeyote kuuchokoa kabla ya picha. Kuna uvimbe unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa nje unafanana na polipu.

#9 FundiRangi
Mimi nimekatwa mara moja, 2016, zikarudi 2020, sasa nipo nazo tu. Daktari alinieleza kwa lugha yake sikumwelewa, nikaja kujielewesha kwa lugha yangu. Ukuta ukiwa na unyevu, rangi inavimba malengelenge. Mwenye nyumba anakuita, unakwangua, unapiga pasi, unapaka upya, unachukua hela yako. Masika ikiingia malengelenge yaleyale, pengine palepale. Ulichokwangua ni rangi, ukuta hujaugusa. Utando wa pua yangu ndio ukuta.

Sasa unyevu unatoka wapi? Kwangu mimi ni tina, ile ya kuyeyushia rangi. Miaka 19 navuta tina na vumbi la msasa bila barakoa. Sihitaji kipimo.

#10 Mwalimu_Chaki
@FundiRangi, mfano wako umenikaa, sababu yako hapana. Mimi sijawahi kushika brashi na ninazo. Mama yangu, mkulima wa Njombe, hajui tina ni nini, anazo. Mdogo wangu yuko benki, kiyoyozi siku nzima, anazo. Hii ni ya ukoo.

#11 FundiRangi
Mwalimu na chaki je?

#12 Mwalimu_Chaki
Chaki mama yangu hajawahi kushika pia. Jina la humu lisikuchanganye, mimi siku hizi naandikia kalamu ya ubao mweupe.

#13 BintiKilwa
Nasoma kimya ila hapa pa pumu nisogee. Mimi pumu ilianza nikiwa na miaka 27, ukubwani, pua ikafuata baada ya kama mwaka. Nikakatwa mara moja. Siku moja jino linauma, usiku, dada akanipa aspirini mbili. Haikufika saa moja pua ikaanza kuchuruzika kama bomba, macho mekundu, kifua kikabana nikawa navuta hewa kwa mabega. Tulikimbizwa kwa bajaji. Daktari wa zamu aliposikia pumu, pua, aspirini, akamgeukia mwanafunzi wake akasema "andika hii, hutaisahau".

Tangu hapo aspirini, brufeni na diklofenaki ni marufuku kwangu. Panadol naitumia kwa kiasi. Mpishi, wewe ukimeza brufeni unajisikiaje?

#14 DukaLaDawa
Ya BintiKilwa ina jina kabisa. Pumu, polipu na aspirini kumkataa mtu, vitatu pamoja, madaktari wanaita utatu wa Samter, kwa sababu ya Max Samter wa Chicago aliyeandika habari zake na mwenzake Beers mwaka 1968. Ila Mfaransa Widal alishaeleza mgonjwa wa namna hiyo 1922. Ndiyo dunia, unaumia wewe, jina anapewa mwingine.

Wanaokuwa na utatu huo ndio ambao polipu zao zina kichwa kigumu zaidi. Unakata, zinarudi, na mara nyingi mapema.

#15 Bonge_la_Dada
Jamani naomba msinicheke. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nakunywa vile vidonge vya kunenepa, vinauzwa kwenye vipakiti havina jina, vyeupe na vya bluu. Nilikuwa na nyama za pua miaka mingi, harufu sina. Siku ya nne au ya tano nimekaa barazani nikasikia harufu ya samaki anakaangwa nyumba ya pili. Nikadhani ni mashetani. Nikaingia chooni nikanusa sabuni, naisikia! Nilikaa mle nanusa sabuni na machozi yananitoka, mume anagonga mlango anauliza kulikoni.

Nikaacha vile vidonge baada ya miezi miwili maana uso ulikuwa umevimba kama andazi. Harufu ikaondoka ndani ya wiki chache. Sasa vile vidonge vina nini?

#16 DukaLaDawa
@Bonge_la_Dada, hakuna wa kukucheka, umeeleza vizuri kuliko kitabu. Vya namna hiyo mara nyingi ni deksamethasoni pamoja na siproheptadini. Deksamethasoni ni steroidi, na steroidi ndiyo dawa inayosinyaza polipu kweli. Hospitali wanatumia ndugu yake, prednisoloni, siku chache kwa mpango, halafu wanakuhamishia kwenye spreyi ya puani ambayo haizunguki sana mwilini. Wewe ulimeza bila kipimo miezi miwili. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalika, na ukiacha ghafla mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake, unaweza kuanguka. Tafadhali usirudi huko hata sabuni inukie vipi.

#17 Kiti_cha_Mbele
Mume aliyekuta mkewe analia na sabuni naye aje atoe ushahidi.

#18 Mvuvi_wa_Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Nyote mnasema polipu polipu, mwajua maana yake? Ni neno la Kigiriki, mwenye miguu mingi. Ni pweza! Hao wazee wa zamani waliangalia ndani ya pua wakaona kitu laini, cheupe, cha kuteleza, kimeshika ukuta hakitoki, wakasema huyu ni pweza ameingia pangoni. Na mimi nimevua pweza, nawaambia hawakukosea. Ukimvuta mkono unabaki na mkono, mwenyewe yumo.

Hippocrates, tabibu wa Kigiriki wa kale, alikuwa akifunga sifongo kwa nyuzi, azipitisha puani zitokee mdomoni, kisha avuta kwa nguvu sifongo ipite na kila kitu. Bila ganzi. Mpishi, shukuru umezaliwa zama hizi.

#19 Kiti_cha_Mbele
Kumbe ndiyo maana wanywaji wa supu ya pweza wanapumua kwa shida.

#20 Mvuvi_wa_Kibokoni
Hao hupumua kwa shida kwa sababu nyingine, tena usiku tu.

#21 Kijana_wa_Muscat
😂 Turudi kwenye mada. Mimi kwetu Unguja, nafanya kazi Oman. Zangu zilikuwa upande wa kulia zaidi, jicho likaanza kusukumwa nje kidogo, nikiangalia picha ninaona macho hayalingani. Walivyofungua walikuta kuvu. Mpasuaji alinionyesha video: nyuma ya polipu kumejaa ute mzito kama siagi ya karanga, wa kahawia, anaukomba kwa kijiko kidogo. Akasema kuvu haijala nyama, ipo tu kwenye ute, ila mwili wangu una aleji nayo na hiyo hasira ndiyo inayotoa polipu. Huku kwenye joto wanaiona sana.

Kwa hiyo @Mwalimu_Chaki na @FundiRangi, mnaweza kuwa mnabishana na sababu haipo kwa yeyote kati yenu.

#22 Mwalimu_Chaki
Kijana, sasa tuna tina, ukoo, aspirini, kuvu, na habasoda inayotibu vyote. Kama kuvu ndiyo sababu, mbona hewa ya Unguja yote ina kuvu na ndugu zako hawana?

#23 Kijana_wa_Muscat
Kama ukoo ndiyo sababu, mbona wewe ndugu zako wengine hawana?

#24 Mwalimu_Chaki
Nani kakwambia hawana. Hawajamulikwa.

#25 Kiti_cha_Mbele
Wapelekeni kwa mwenye tochi ya simu.

#26 MluziWaPua
Jina langu lina sababu, sikuwahi kuieleza humu. Nikiwa kidato cha pili nilipelekwa kwa bibi mmoja kijijini anayetoa nyama za pua. Alikuwa na unga mweusi kwenye kichupa cha mafuta ya mgando. Akachovya kijiti chenye pamba, akaingiza, akasema "usipige chafya". Ilichoma hadi meno ya juu yakawa yanauma. Siku ya tatu kikatoka kipande kikubwa cheusi, nyumba nzima ikashangilia, akapewa jogoo na hela.

Kile kipande hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni ukuta unaotenganisha matundu mawili. Nimebaki na tobo, kidole kidogo kinaingia. Nikivuta hewa haraka pua inapiga mluzi, kwenye mkutano kazini watu wanageuka wanatafuta nani. Na polipu? Hata sikuwa nazo. Daktari aliyekuja kuniangalia chuoni alisema zilikuwa konka, aleji ya kawaida.

#27 Jirani_Mwema
Pole sana. Hii ni sawa na habari za kimeo. Kwetu mtoto akikohoa wiki mbili tu, bibi anasema kimeo kirefu, anapelekwa kukatwa. Mimi nilikatwa na kikohozi kiliendelea.

#28 NesiZamuYaUsiku
Kimeo tukifungulie uzi wake, nina mengi. Nimepokea mtoto anavuja damu usiku kucha.

#29 Dada_Makini
Samahani nauliza tofauti kidogo. Mimi kipimo cha ultrasaundi kiliandika polipu kwenye kizazi. Nilikuwa natokwa na damu katikati ya mwezi. Shoga yangu ananiambia hiyo ni fibroidi, ni majina tu. Na hizi za pua ni ndugu?

#30 NesiZamuYaUsiku
Jina moja, nyumba tofauti. Polipu inaota kwenye utando, popote penye utando laini wenye unyevu: pua, utumbo, mfuko wa kizazi, mlango wa kizazi, hata kwenye nyuzi za sauti. Fibroidi inatoka kwenye msuli wa kizazi, chini ya utando. Ya kizazi wanaweza kuingiza kamera nyembamba kupitia ukeni, wakaiona na kuitoa bila kukupasua tumbo, na ikitolewa lazima iende maabara. Uliza kama hospitali yako wana kamera hiyo. Kwingine bado wanakwangua bila kuona, na ya kikonyo inaweza kukwepa. Hazina undugu na za pua kiasi kwamba ukiwa na hizi utapata zile.

#31 MzeeWaHabari
Hata Reagan, rais wa Marekani, alikuwa na hizi nyama za pua, alifanyiwa upasuaji akiwa madarakani. Nakumbuka redioni.

#32 DukaLaDawa
Mzee, umechanganya vitu viwili vya mwaka mmoja. Julai 1985 Reagan alitolewa polipu kubwa ya utumbo mpana, ikakutwa imeshageuka saratani, wakakata na kipande cha utumbo. Pua ilifuata mwishoni mwa mwezi huohuo, ila ile ilikuwa saratani ya ngozi, juu ya pua, si polipu ndani.

Ya utumbo ndiyo ya kuogopa zaidi kwa sababu aina mojawapo, adenoma, inaweza kugeuka saratani. Inachukua muda mrefu, mara nyingi kama miaka 10, ndiyo maana Wamarekani sasa wanaanza kuchunguzwa wakifika miaka 45. Zile za pua za pande mbili kwa kawaida hazigeuki.

#33 MzeeWaHabari
Asante kijana. Redio ilikuwa na mkwaruzo.

#34 BabaPacha
Kwa kuwa mmefika utumboni. Mtoto wangu wa miaka mitano anajisaidia choo kizuri kabisa, mwisho linatoka tone la damu nyekundu mbichi. Haumwi, anacheza, anakula. Tumetibu amiba mara tatu. Bibi yake anasema bawasiri.

#35 NesiZamuYaUsiku
Bawasiri kwa mtoto wa miaka mitano si kawaida. Damu mbichi bila maumivu kwa umri huo, polipu ya utotoni iwe kwenye orodha ya mwanzo. Hiyo mara nyingi ni moja tu, si saratani, iko karibu na njia ya kutokea. Nyingine zinakatika zenyewe zinatoka na choo na wazazi wanapata kiwewe. Mpeleke aangaliwe na daktari wa watoto au mpasuaji, msimpe dozi ya nne. Mkiwa kanda ya ziwa mtaje pia kama anaoga ziwani, kichocho nacho huweza kuotesha vinyama kwenye utumbo na kibofu.

#36 FundiRangi
Uzi ulianzia puani, sasa tuko mkiani. Mpishi yuko wapi?

#37 MpishiWaShughuli
Nipo wakuu, nilikuwa na shughuli mbili mfululizo. Nimesoma zote. Namjibu Nesi.

Mwanzo zilikuwa pande zote mbili. Safari hii kulia ni kidogo, kushoto kumeziba kabisa, na wiki tatu hizi nikipenga upande huo natoa damu kidogo. Pumu sijawahi kuambiwa ninayo, ila usiku nakohoa na nikikimbilia daladala kifua kinapiga filimbi. Brufeni naimeza kila baada ya kazi kwa sababu ya mgongo, na kwa kweli baada ya hapo pua huwa inazidi, nilidhani ni moshi wa kuni.

Spreyi nilipewa mara zote mbili. Niliitumia kama wiki tatu, nikaona napumua, nikaacha. Chupa ya pili haikufunguliwa hata, ipo kabatini. Hakuna aliyeniambia ni ya kudumu. Au waliniambia na mimi nilikuwa nimeshaanza kunusa, sikusikiliza.

#38 NesiZamuYaUsiku
Mpishi, hilo la upande mmoja na damu usilifanyie uzi, nenda wiki hii. Muhimbili, KCMC, Bugando, popote palipo na daktari wa masikio, pua na koo mwenye darubini ya pua na uwezo wa siti skani. Simaanishi ni kitu kibaya. Namaanisha upande mmoja unaotoka damu lazima ukatwe kipande kikapimwe, kwa sababu kuna uvimbe mwingine unaojificha nyuma ya polipu. Brufeni iache mpaka umwone, na umtajie yote uliyoandika hapa, hasa filimbi ya kifua.

Na spreyi, kwa wote: inama kidogo, tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, elekeza nje upande wa sikio, usielekeze kwenye ukuta wa katikati. Usivute kwa nguvu ikaishia kooni. Haifanyi kazi kwa siku moja kama yale matone ya kuzibua, inataka wiki kadhaa. Yale matone ya kuzibua nayo yasizidi siku tano hadi saba, yakizidi pua inaziba kwa sababu ya matone yenyewe.

Kabla ya spreyi osha kwa maji ya chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Kule Karachi watu wamekufa kwa amiba ya kwenye maji iliyopanda puani hadi kwenye ubongo.

#39 Mwalimu_Chaki
Nesi naheshimu, ila msimfanye mwenzetu aone kosa ni lake. Mimi nilipiga spreyi miaka miwili na nusu bila kukosa siku, kwa saa, mke wangu shahidi. Zilirudi vilevile, ila taratibu.

#40 NesiZamuYaUsiku
Zinarudi kwa wengi hata wakifuata kila kitu. "Taratibu" uliyoitaja ndiyo tunayoipigania.

#41 Mwalimu_Chaki
Hapo tumekutana nusu njia.

#42 Mbeba_Boksi
Nipo Minnesota. Mimi nilikatwa mara tatu, mbili huko nyumbani na moja hapa. Sasa niko kwenye sindano, dupilumab, miligramu 300 kila wiki mbili, najichoma mwenyewe pajani. Marekani waliiruhusu kwa polipu za pua 2019. Inazuia ule ujumbe wa mwili unaoiambia pua ivimbe. Mwezi wa pili nilisikia harufu ya mvua kwenye lami, nikasimamisha gari.

Lakini msinishangilie. Bei yake bila bima ni ya mtu kuuza kiwanja. Nilipobadilisha kazi bima ikakatika miezi minne, pua ikaziba tena. Kwa hiyo hata sindano ya Wazungu haikupaka ukuta wa @FundiRangi, imewasha feni tu ukauke.

#43 FundiRangi
Feni nimeikubali. Naandika kwenye daftari la mafundi.

#44 HabasodaTu
Mimi bado nasema habasoda.

#45 Kiti_cha_Mbele
Tunajua.

*(baada ya wiki saba)*

#46 MpishiWaShughuli
Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi kwenye simu kwa baadhi yenu.

Siti skani ilionyesha mashimo ya uso upande wa kushoto yamejaa yote. Nilitolewa zilizokuwa zinaziba, kipande kikaenda maabara. Zile siku 12 za kusubiri majibu sikupokea kazi hata moja. Majibu: polipu ya kawaida, imejaa seli za kinga zinaitwa eosinofili, hakuna saratani. Damu walisema ni ya kupenga kwa nguvu na kuchokonoa. Nimepulizia kwenye kipimo cha kifua, ninayo pumu, kumbe ya siku nyingi.

Kuhusu sababu ndiyo mchezo. Mpasuaji anasema ni aspirini na brufeni, twende na wazo la BintiKilwa. Daktari wa kifua anasema ngoja kwanza, yeye anaona moshi wa kuni na aleji. Yule wa maabara aliandika tu "wapime kama kuna kuvu", kipimo cha kuvu kikatoka hakuna. Na mama aliposikia yote akasema babu yangu mzaa baba alikuwa akiongea kwa pua maisha yake yote, watoto wakimwita Ng'ong'o. Mwalimu atafurahi.

#47 Mwalimu_Chaki
Sisemi kitu. Natabasamu tu.

#48 BintiKilwa
Na mimi natabasamu. Brufeni umeacha?

#49 MpishiWaShughuli
Nimeacha dada, mgongo nakanda kwa maji moto. Spreyi asubuhi na jioni, chupa iko karibu na mswaki nisisahau.

#50 FundiRangi
Na kunusa?

#51 MpishiWaShughuli
Juzi nilisikia karafuu, nilipofungua tu kopo, mara moja, halafu ikapotea. Iliki bado. Jumamosi nina harusi Temeke, watu 250, kwa hiyo mpwa ameshaambiwa asubuhi asipange mechi.

#52 Kiti_cha_Mbele
Temeke mtaa gani?